Filamu za kuchekesha zisiitwe upuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba mtu mzima anayelipa kiingilio kwenda kutazama filamu ya kuchekesha anatupa fedha zake, na kwamba filamu za maana ni zile za vita, majonzi na mashujaa peke yake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari, mkazi wa Kijitonyama na bibi wa wajukuu watatu. Tangu mwezi Mei mwaka huu wa 2025 hadi mwanzoni mwa Septemba nimeingia katika majumba ya sinema ya jiji letu mara nane, mara nyingine peke yangu, mara nyingine na binti yangu au wajukuu. Nimetoka katika msimu huo nikiamini kinyume kabisa cha anachoamini msomaji huyo: filamu zilizonifundisha jambo na kunikaa moyoni ni zile zilizothubutu kunichekesha, na zile zilizoniacha mikono mitupu ni zile zilizokuwa na haya ya kucheka.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, nieleze kwamba miezi hiyo kwa Wamarekani ni kiangazi. Shule zao zimefungwa, na kampuni kubwa za filamu hungoja wakati huo kutoa kazi zilizogharimu fedha nyingi. Wengi huihesabu desturi hiyo kuanzia Juni 1975, ilipotoka Jaws, filamu ya Steven Spielberg kuhusu papa anayeshambulia watu, ambayo ilianza kuonyeshwa katika majumba zaidi ya 400 kwa mpigo na ambayo mwaka huu imetimiza miaka 50. Kwetu miezi hiyohiyo ni kipupwe. Kusi inavuma, asubuhi watu wanavaa sweta, na viyoyozi vya majumba ya sinema havijali majira, kwa hiyo filamu za kiangazi cha wenzetu mimi huzitazama nikiwa nimejifunika kitenge.

Msomaji mwenzangu anakitenga kicheko na majonzi kana kwamba havijawahi kukaa nyumba moja. Nashangaa, kwa sababu bila shaka naye amewahi kwenda msibani. Mchaga akifiwa, Mpare huja; Mzaramo akifiwa, Msukuma huja; na mtani akishafika hakai kwa adabu kama wageni wengine. Humwiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa, hudai kwamba marehemu alikufa na deni lake, huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa ambao tangu jana hawajatia kitu kinywani hujikuta wanacheka huku machozi yanawatiririka. Sijawahi kumsikia mtu akisema mtani ameharibu msiba. Ninachosikia ni watu wakiuliza, pale asipotokea, kwamba leo watani wako wapi. Kwa kipimo hicho nilichokirithi nyumbani ndivyo nilivyozipima filamu za msimu huu.

Nianze na ile ambayo, kwa maneno ya msomaji huyo, ni upuuzi mtupu. The Naked Gun ilitoka Marekani tarehe 1 Agosti, ikiongozwa na Akiva Schaffer. Ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 1988 ambamo Leslie Nielsen aliigiza polisi asiyejua kwamba kila anachogusa kinaharibika; safari hii tunaonyeshwa mwanawe, na anayemwigiza ni Liam Neeson. Watazamaji wa kwetu wanamfahamu Neeson kama baba anayemtafuta binti yake aliyetekwa, katika filamu ya mwaka 2008 iliyozunguka sana katika vibanda umiza vyetu, yaani vibanda vya video vya mitaani, na wale wa rika langu wanamkumbuka zaidi katika Schindler's List ya mwaka 1993, filamu ya mauaji ya Wayahudi iliyomfanya ateuliwe kuwania Oscar. Mtu mwenye uzito huo, mwenye umri wa miaka 73, anaigiza upuuzi wote wa polisi huyu kwa uso uleule wa simanzi aliouigizia misiba. Kila anakokwenda anapokezwa kikombe cha kahawa, mpaka vikombe vinakuwa vingi kupita mikono, na yeye anavipokea kama mtu anayetimiza wajibu wa kazi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele yangu alilazimika kuvua miwani ili afute macho.

Filamu hiyo ina dakika 85 tu. Naomba wasomaji waitafakari hesabu hiyo, kwa sababu kuchekesha kwa dakika 85 bila kupumzika ni kazi ngumu kuliko kulipua madaraja kwa saa tatu. Mzaha ukichelewa kidogo umekufa, ukiwahi kidogo haukueleweka. Mwigizaji akionyesha kwamba anajua anachekesha, mambo yameharibika. Nimesahihisha insha za wanafunzi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo yote wanafunzi walioweza kuandika kisa cha kusikitisha walikuwa wengi, lakini walioweza kunichekesha kwa kukusudia hawafiki kumi. Ninasikitika tu kwamba filamu hii haifai kwa watoto, maana ina mizaha ya chumbani ambayo sikuipenda na ambayo isingepungukiwa na kitu kama ingeiacha.

Lipo jambo jingine ambalo nimeligundua kwa kukaa ukumbini. Filamu ya majonzi nikiitazama nyumbani kwenye luninga, bado nalia. Pengine nalia zaidi, kwa kuwa hakuna anayeniona. Lakini kichekesho nilichokitazama nyumbani peke yangu hunipa tabasamu tu. Kicheko huanzia kwa mtu mmoja, kikamwambukiza jirani yake, kikarudi kwa yule wa kwanza kikiwa kimeongezeka nguvu, na ukumbi mzima ukawa kama watu waliokuja kwa gari moja. Kampuni kubwa za Marekani zimeutupa utajiri huu kwa miaka kadhaa, zikivipeleka vichekesho vyao moja kwa moja kwenye mitandao ya kulipia na kuyaachia majumba ya sinema mashujaa warukao angani. Ndiyo maana nilifurahi kuona mwaka huu vimerudi kwenye skrini kubwa.

Furaha hiyo ilipunguzwa na yaliyonipata hapa mjini. Jumba moja la sinema, ambalo sitalitaja, liliipangia The Naked Gun onyesho moja tu kwa siku, saa nne usiku, wakati filamu ya mapigano iliyokwisha kuonyeshwa wiki tatu ilikuwa na maonyesho manne, mawili kati yake yakiwa na watu wa kuhesabu kwa vidole. Nilipomuuliza kijana wa tiketi sababu, alinijibu kwa heshima, "Mama, vichekesho havina watu." Nilimshukuru, lakini jibu lake sikulikubali. Usiku wa saa nne mwanamke wa umri wangu anawaza atarudije nyumbani, bajaji inaongeza bei, na filamu haijaisha kabla ya saa tano na nusu. Watu walionyimwa saa ya kwenda hawawezi kuhesabiwa kuwa ni watu wasiotaka kwenda.

Wiki moja baadaye nilikwenda kutazama Freakier Friday pamoja na binti yangu na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka 14, kwa onyesho la saa tisa alasiri, na ukumbi ulikuwa karibu kujaa. Inaendeleza kisa cha filamu ya mwaka 2003 ambamo mama na binti walibadilishana miili. Sasa binti yule, anayeigizwa na Lindsay Lohan, amekuwa mama, na mama yake, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, amekuwa bibi. Wanaobadilishana miili ni wanne, na nakiri kwamba kuna nusu saa nzima nilikuwa sijui nani yumo ndani ya nani. Waandishi walitaka mengi mno. Hata hivyo, nilipomwona Jamie Lee Curtis akiigiza msichana aliyejikuta ndani ya mwili wa bibi, akiinuka kitini na kushangaa kwamba magoti yanatoa sauti, mjukuu wangu alinigeukia gizani akanibana mkono. Kwa Wamarekani bibi anayefanya utoto ni kichekesho kipya. Kwetu bibi na mjukuu ni watani kwa haki ya kuzaliwa; mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka sita, huniita mke wake mbele za wageni na kunidai chai. Nadhani ndiyo sababu ukumbi wetu ulicheka katika sehemu ambazo hazikukusudiwa kuwa za kuchekesha sana, na ukanyamaza kimya pale watoto walipoanza kutambua mizigo ambayo wazazi wao huibeba bila kuwaambia. Binti yangu hakusema neno mpaka tulipofika Mwenge.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo ningependa tuijadili zaidi kuliko zote, Lilo & Stitch, iliyotoka mwishoni mwa Mei na ambayo imeingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani. Wengi wameiweka katika fungu la filamu za watoto, na kwa kweli kile kiumbe cha buluu kutoka anga za mbali kinavunja vyombo vingi kuliko ilivyohitajika. Lakini chini ya vurugu hizo kuna kisa cha yatima wawili wa Hawaii, mtoto wa miaka sita na dada yake aliyeacha ndoto zake ili amlee mdogo wake. Katika katuni ya mwaka 2002 dada huyo anabaki nyumbani. Katika filamu ya mwaka huu anakubali kwenda California kusomea viumbe wa baharini, na mdogo wake anabaki chini ya malezi ya jirani, mama mtu mzima ambaye amekuwa nao tangu mwanzo.

Baadhi ya Wamarekani walikasirishwa na mwisho huo. Walisema filamu imeusaliti ujumbe wake yenyewe, kwamba katika familia hakuna anayeachwa nyuma, na kwamba dada mwema asingeondoka. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku nyingi, kwa sababu limenigusa kama mwalimu. Nimewahi kuwa na wanafunzi wa kike wenye akili nyingi walioacha shule kidato cha tatu baada ya kufiwa na wazazi, wakaenda kupika maandazi ili wadogo zao wasome; na kila mara tuliwasifu kwa moyo wao, tukawapa pole, tukarudi darasani. Tuliwasifu kwa sababu kuwasifu ilikuwa rahisi kuliko kumchukua yule mdogo tukamlea sisi. Filamu hii inamweka mbele yetu jirani anayesema: mtoto nitakaa naye, wewe nenda kasome. Wahawaii wana desturi yao ya kale ya kumlea mtoto wa mwingine, inayoitwa hānai, na sidhani kama msomaji yeyote wa gazeti hili anahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa ni nyumba chache za Dar es Salaam zisizo na mtoto wa ndugu au wa jirani anayekula sahani moja na watoto wa kuzaliwa humo. Kwa hiyo sikuona usaliti. Niliona ukoo ukipanuliwa, kama tunavyoupanua sisi, na nililia bila kujificha, mimi niliyekuwa nimemcheka yule kiumbe alipojitumbukiza katika keki ya harusi ya watu. Bila keki ile nisingelia vile. Kicheko kilikuwa kimeniondolea kinga zote.

Superman ya James Gunn, iliyotoka tarehe 11 Julai, ilinipa raha ya aina hiyohiyo katika sehemu moja na kunichosha katika sehemu nyingine nyingi. Mapigano yake ni marefu, majengo yanaanguka mpaka jicho linazoea, na mizaha kadhaa imewekwa kama mtu anayekohoa ili avunje ukimya asioweza kuuvumilia. Lakini wazazi waliomlea shujaa huyo, wakulima wa Kansas, wamechorwa kwa upendo mkubwa: wanapopiga simu wanazungumza kwa kelele kama wazee wetu wa bara wanaodhani umbali wa Dar es Salaam unahitaji sauti kubwa zaidi. Tunawacheka. Halafu, shujaa anapokuwa amevunjika moyo kwa kugundua jambo baya kuhusu wazazi wake wa kuzaliwa, ni baba huyohuyo tuliyemcheka anayekaa naye na kumpa maneno ya kumsimamisha. Filamu inamalizika kwa picha za utotoni mwake akiwa na wazazi wa kulea. Hapo ndipo nilipomsamehe mwongozaji yale majengo yote.

Katika vibanda umiza tulizoea kusema kwamba stelingi hafi, na katika F1, filamu ya mbio za magari iliyoongozwa na Joseph Kosinski, stelingi ni Brad Pitt, dereva mzee aliyepata ajali mbaya miaka ya 1990 na sasa ameitwa kuiokoa timu inayoshindwa, akiwa pamoja na kijana mwenye kipaji na kiburi anayeigizwa na Damson Idris. Wameipiga picha wakati wa mashindano halisi, na katika ukumbi wenye sauti nzuri utadhani gari linapita juu ya goti lako. Niliifurahia kama mtu anavyofurahia chakula cha harusi. Hata hivyo, katika saa mbili na dakika 35 mzee yule haruhusiwi kuonekana mjinga hata kwa dakika moja ya kweli, na mhandisi mwanamke, ambaye angeweza kuwa mtu wa kuvutia kuliko wote, anapewa kazi ya kumpenda. Aliyekuja na uhai ni mama wa yule kijana, aliyeigizwa na Sarah Niles, maana kila alipotokea ukumbi wetu uliamka. Wangempa nafasi zaidi. Kuhusu Mission: Impossible, ambayo ina karibu saa tatu na ambamo kila mtu ananong'ona kwamba dunia inakwisha, sina mengi ya kusema. Tom Cruise anastahili heshima kwa kuning'inia kwenye ndege, lakini ukumbi ulikaa kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari.

Naomba niruhusiwe kutaja moja iliyotangulia kiangazi hicho, iliyotoka Aprili wakati sisi tuko kwenye masika, kwa kuwa ndiyo inayonipa ushahidi mkubwa zaidi. Sinners ya Ryan Coogler ni filamu ya kutisha, iliyowekwa Mississippi mwaka 1932, ambamo Michael B. Jordan anaigiza mapacha wanaofungua ukumbi wa muziki. Yumo mpiga kinanda mlevi, aliyeigizwa na Delroy Lindo, ambaye tangu anapoonekana anatuchekesha kwa kupenda kwake pombe na maneno yake makali. Wakiwa safarini garini, mzee huyo anasimulia jinsi mwanamuziki mwenzake alivyouawa na wazungu. Anapofika mahali ambapo maneno hayawezi kuendelea, anaanza kuguna, anapiga mapigo kwa mkono, na uchungu ule unageuka wimbo. Ukumbi wote ulinyamaza. Tusingemsikiliza hivyo kama asingekuwa ametuchekesha kwanza, kwa sababu mtu uliyecheka naye huwezi tena kumtazama kama mgeni.

Nasi hapa nchini tuliwahi kuwa na mtu aliyelijua jambo hili vizuri. Amri Athumani wa Tanga, ambaye taifa zima lilimwita King Majuto, alitutoka mwezi Agosti 2018, na siku ile niliona watu wazima wakilia kwenye daladala. Alikuwa akiigiza wazee wachoyo, wenye wivu, waoga wa wake zao, na tuliwapenda kwa sababu tuliwajua. Tulikuwa tunaishi nao. Sijui kama alipokuwa hai tuliwahi kukaa tukaandika kwa makini jinsi alivyokuwa akiifanya kazi hiyo, alivyojua kunyamaza sekunde moja zaidi kabla ya kujibu, alivyoitumia Tanga yake katika lafudhi. Tuliandika habari za ugonjwa wake na za mazishi yake.

Hapo ndipo ninapoleta maombi yangu, Ndugu Mhariri. La kwanza nalielekeza kwako. Ukurasa wako wa burudani unatupa kila wiki habari za nani ameachana na nani na nani amenunua gari gani; tafadhali tutengee hata safu moja ambamo filamu zinazoonyeshwa mjini zitachambuliwa na mtu aliyezitazama, za kwetu na za nje, na vichekesho vipewe humo nafasi sawa na filamu nyingine. La pili ni kwa wenye majumba ya sinema: filamu za kuchekesha na zile za maisha ya kawaida zipangiwe angalau onyesho moja la alasiri au la saa kumi na mbili jioni, hasa siku za Jumamosi, kisha ndipo mtuambie kama hazina watu. Na la tatu, ambalo najua ni gumu zaidi, ni maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mapigano hayahitaji tafsiri, lakini mzaha unahitaji; katika The Naked Gun nusu ya vicheko imo katika maneno yenye maana mbili, na niliwaona vijana waliokaa nyuma yangu wakicheka kwa kuchelewa, baada ya mwenzao kuwaeleza. Vibandani kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi na watafsiri wanaozungumza juu ya filamu, na ndiyo iliyompatia mmoja wao, Lufufu, umaarufu wake, kwa ustadi ambao majumba makubwa hayajawahi kuutafuta. Vijana wenye kipaji hicho wapo Manzese, wapo Tandika, na baadhi yao niliwafundisha mimi mwenyewe Kiswahili.

Msomaji mwenzangu aliyenifanya nishike kalamu namwalika kwa heshima. Filamu ya kuchekesha itakayofuata ikipangiwa alasiri, nitamnunulia tiketi na bisi, akae kiti cha jirani yangu, na akitoka hapo bila kucheka nitaandika barua nyingine ya kumwomba radhi katika ukurasa huuhuu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kijitonyama, Dar es Salaam